Gobore Lililoshindiliwa na Somoe

Nimesema uongo mwingi katika umri wangu, na sehemu kubwa ya uongo huo ilikuwa nzuri ya kusikiliza. Waulize wazee waliobaki Mikindani. Nimewahi kuwaambia kwamba bwana mmoja aliniletea bunduki yenye mtutu uliopinda, nami nikamrudishia ikiwa imepinda vilevile kwa makusudi, akawa anawapiga kanga walio nyuma ya kichuguu bila kuinuka alipokaa. Nimewahi kuwaambia kwamba kiboko wa Ruvuma alimeza nyundo yangu, na kwamba miaka mitatu watu wa Kitaya walijua alipo kwa mlio wa tumbo lake, ngo, ngo, kila anapopiga hatua. Watu walicheka, wakaninunulia kahawa. Hakuna aliyeumia.

Uongo huu wa leo haukuwa wa kahawa.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na tatu, wakati gati la Mtwara linakaribia kumalizika na kila mwenye mgongo anakimbilia huko kubeba saruji. Mimi sikwenda. Nilikuwa fundi wa bunduki, fundi wa kujifundisha mwenyewe, na shule yangu ilikuwa saa ya marehemu baba, niliyoifungua nikashindwa kuifunga. Nilikaa na sanduku langu la vyombo barazani kwa Nazarali, Mhindi wa Mikindani aliyekuwa akiuza baruti, fataki za kuiwashia na marisau kwa wenye vibali. Yeye akiuza, mimi nikitengeneza kilichoharibika.

Mikononi mwangu zilipita bunduki za namna tatu, na kila moja ina tabia yake kama binadamu. Ile ya marisau, ya wazungu wa mashamba ya mkonge, hukunjika kiunoni. Unasukuma kitasa, mtutu unainama, unachungulia tumboni: kiasi, yaani risasi, kimo au hakimo. Haina siri. Raifo ya maaskari wanaolinda mashamba dhidi ya tembo ina komeo kama la mlango. Unalivuta, na kiasi kilichokuwa ndani kinaruka nje chenyewe kukuonyesha uso wake. Hiyo nayo ukiiuliza inajibu. Lakini gobore, ambalo ndilo la watu wetu, halina mlango. Mlango wake ni mdomo. Unatia baruti, unafuata usumba wa nazi, unashindilia kwa mdeki, ule ufito wa chuma. Unatia kipande cha nondo, usumba tena, unashindilia tena. Ukimaliza, hakuna kiumbe anayeweza kulitazama akakuambia umetia nini. Utatumbukiza mdeki tu. Ukizama wote, ni tupu. Ukibaki nje vidole vinne, limeshiba. Limeshiba nini, halisemi.

Basi wakati wa mpunga kukomaa, habari ilifika na wachuuzi wa samaki wakavu kwamba kiboko amemuua Salumu Mchopa wa Kitaya, shambani kwake, asubuhi, kumeshapambazuka. Fataki ililia, bunduki haikulia. Waliniambia hayo mawili tu. La tatu hawakulisema, lakini nililiona machoni mwao: gobore la Salumu lilikuwa limetoka kwangu mwezi mmoja kabla. Nilikuwa nimelibadilishia kamani ya nyundo, na ile chuchu, kichuma kidogo chenye tundu ambacho fataki huvalishwa juu yake, ili moto wake upenye uikute baruti ndani ya mtutu.

Salumu alikuwa rafiki yangu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole viwili tu. Vingine viliondoka na gobore la baba yake lililopasuka. Kwa mkono huo aliweza kuegemeza mtutu, lakini hakuweza kushindilia. Aliyemshindilia ni mkewe, Somoe. Kwa Salumu bunduki ilikuwa ya watu wawili, mke anajaza na mume anafyatua, na wenzake walimtania kwa hilo mpaka wakachoka.

"Salumu, leo mama amekupikia nini, risasi?"

"Amenipikia," angejibu. "Mimi kazi yangu kupakua."

Wiki tatu baada ya kuzikwa, bila kungoja eda iishe, Somoe alifika barazani amebeba gobore kichwani, limeviringishwa mkekani kama mzigo wa kuni. Alifuatana na Hassani, mdogo wake marehemu, ambaye hakunipa mkono.

"Kazi yako hiyo," Hassani akasema. "Karani wa bomani hakubali kuliandika kwa jina langu likiwa limeshiba. Na wazee wamekataa lipigwe kabla ya arobaini ya kaka. Litapishe."

"Kaa basi, Hassani, unywe maji."

"Maji yako nitayanywa siku nyingine. Nakwenda Mtawanya kwa mtu wangu. Nikirudi nikute umemaliza. Sina haja ya kukutazama."

Akaenda zake. Nazarali alikuwa amekwenda kusali. Mkewe, Noorjehan, alitokeza kichwa dirishani, akamwona mjane, akamwita ndani apumzike. Somoe hakuingia mara moja. Alisimama akinitazama nikiufungua mkeka.

"Fundi, nina neno moja," akasema.

"Sema, shemeji."

"Asubuhi ile marehemu alimpiga kiboko mara ya kwanza, akamjeruhi. Akaja mbio nyumbani, nikamshindilia jikoni, mvua inanyesha na maji yanatuingilia. Mdeki ulibaki nje vidole vinne, nilipima kwa mkono wangu. Fataki akavalisha mwenyewe. Sasa ama kosa ni mkono wangu, ama ni mkono wako. Ukikuta ni wangu, uniambie. Usinionee haya kwa sababu nimefiwa."

"Nitakuambia."

"Uniapie."

Nikamwapia. Nilisema wallahi, na wakati ule nilikusudia hivyo.

Aliingia ndani. Nikachukua kizibuo, ambacho ni parafujo iliyotiwa kwenye ncha ya mdeki, nikaanza kulichokonoa tumbo la gobore. Kwa wiki tatu nilikuwa nimelala nikiiona ile chuchu yangu, nikijiuliza kama nililisafisha tundu lake baada ya kulitoboa. Ulitoka usumba wa juu. Kikatoka kipande cha nondo, kizito, kimekatwa vizuri. Ukatoka usumba wa chini, mkavu kabisa. Nikainamisha mtutu juu ya karatasi ya gazeti, nikaugonga kwa kiganja, na vumbi jeusi likashuka.

Baruti ina punje. Ukiisugua kati ya vidole unaisikia kama mchanga mwembamba, na ukiinusa inanuka kama yai viza. Hii ilikuwa laini kama unga wa muhogo, haikunuka chochote, ikaniacha vidole vyeusi mpaka kwenye kucha. Nikachukua kaa la moto kwenye chetezo cha Noorjehan, nikanyunyizia kidogo. Haikuwaka kwa mwako. Iliona haya tu, ikawa nyekundu, ikazima.

Ulikuwa mkaa. Mkaa wa kusagwa.

Nilicheka. Naliandika hili kwa sababu nimezeeka nalo: nilicheka, peke yangu, nikaona mabega yangu yamekuwa mepesi. Chuchu yangu ilikuwa safi, kamani yangu ilikuwa nzima, fataki ilipigwa kama inavyotakiwa na moto ukaingia kama unavyotakiwa. Ukakuta mkaa.

Dirisha la Noorjehan lilikuwa wazi juu ya kichwa changu, na nikasikia wanazungumza.

"Kula hata mkate," Noorjehan alikuwa akisema. "Watoto wangapi?"

"Watatu. Wa mwisho anatambaa."

"Na kweli ulikuwa ukimjazia bunduki wewe? Mimi hata kuishika naogopa."

"Miaka tisa," Somoe akasema. "Tembo, ngiri, viboko. Halikumkosesha hata siku moja. Mwenyewe alikuwa akisema, nikifa mimi watu wakupose kwa ajili ya gobore." Nikasikia ametoa sauti kama ya kucheka, na ikakatika katikati.

Nilikaa na karatasi ile ya mkaa magotini. Sikufikiri muda mrefu. Ningefikiri, pengine nisingefanya. Niliumwaga mkaa kwenye ufa wa baraza, nikaufuta kwa mguu. Nikaifungua chuchu, nikayeyusha bati kidogo, nikalidondosha tone moja ndani ya tundu lake mpaka likazibika. Kisha nikaingia dukani nikachota baruti ya Nazarali kijiko kimoja, nikaichanganya na nyuzi za usumba ionekane imetoka mtutuni. Kazi nzuri sana. Katika maisha yangu ya ufundi sijafanya nyingine iliyo safi kama hiyo.

"Shemeji, njoo uone."

Akaja. Nikamwonyesha karatasi.

"Hii ndiyo uliyotia." Nikadondosha chembe juu ya kaa la moto, ikawaka fyuu, moshi mweupe ukapanda. "Baruti njema, haikuingia maji. Ulishindilia kama alivyokufundisha. Sasa tazama hapa." Nikampa chuchu na sindano. "Jaribu kupitisha."

Alijaribu. Sindano haikupita. Alijaribu kwa upande wa pili.

"Ni bati," nikasema. "Nilipolehemu, tone lilibaki ukingoni, nami sikuangalia. Mshindo wa kwanza ukaliyeyusha, likaziba tundu. Moto wa fataki haukupata njia."

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi."

Nilikuwa nimejiweka tayari kwa kofi, au kwa kilio. Aliirudisha ile chuchu kiganjani mwangu polepole, akajifunika kanga vizuri.

"Usiku nilikuwa namwomba Mungu iwe wewe," akasema. "Namwomba mtu mwingine awe ameniulia mume. Anisamehe."

Hassani aliporudi nilimwambia yaleyale. Hakunipiga. Alinitazama, akatema mate pembeni mwa sanduku langu, akaingia dukani, na kwa kuwa Nazarali alikuwa amesharudi, akanunua fataki kisanduku kimoja.

"Na baruti?" Nazarali akamwuliza.

"Baruti ninayo. Kaka ameacha kibuyu kizima jikoni. Arobaini ikiisha, mimi na yule kiboko."

Waliondoka na gobore lao tupu, nimelitia chuchu nyingine, na mimi nikabaki na maneno yale. Kibuyu kizima jikoni. Nilikuwa nimeuficha mkaa uliotoka mtutuni, na mkaa uliobaki ulikuwa ukining'inia Kitaya, ukimsubiri mtu wa pili.

Nazarali alisubiri wafike mbali.

"Hamisi, umekiri? Wewe? Mtu anayekutwa na kikombe changu mkononi akasema kimemfuata chenyewe?"

"Lilikuwa bati, bwana."

"Miaka sita nakuona unalehemu. Hujadondosha bati hata kwenye suruali." Alinitazama sana, na mimi nikatazama barabara. "Haya. Lakini litoe sanduku barazani. Si kwamba nakuchukia. Nani ataniletea bunduki hapa sasa?"

Hakuna aliyeleta. Habari ilikwenda mbele yangu mpaka Nanyamba na Lindi. Askari mmoja alikuja akachukua raifo yake ikiwa bado imefunguliwa, akaondoka na komeo mfukoni.

Nilihesabu siku. Kutuma barua sikuweza. Ningeandika nini ambacho asingekisoma mtu mwingine kwa sauti? Siku moja kabla ya arobaini nikanunua kopo la baruti kwa pesa zangu za mwisho za ufundi, nikapanda lori mpaka Nanyamba, nikalala huko, na kulipokucha nikateremka kwa miguu kwenda Kitaya. Nilisema moyoni: nitakwenda kama mkosaji anayeomba radhi, nitaingia jikoni, nitabadilisha kilicho kibuyuni, nitarudi. Uongo uwe na miguu yote minne.

Kitaya walikuwa wamekaa uani kwenye mikeka, khitma imekwisha kusomwa, masinia yanatoka. Niliposema asalaam aleikum walijibu wachache, na hao walijibu kwa sababu dini imewalazimisha. Nilipewa nafasi ya mwisho ya mkeka, karibu na mbuzi. Sikulalamika. Nikala tonge mbili, nikasubiri wanawake wapeleke masinia upande wa wazee, kisha nikazunguka nyuma ya nyumba nikaingia jikoni.

Vilikuwa viwili. Vibuyu vidogo, ukubwa mmoja, vyote vyeusi kwa moshi, vimetundikwa darini juu ya mafiga. Kimoja kilizibwa kwa gunzi la mhindi, cha pili kwa kitambaa chekundu. Kando ya hiki cha pili ulichomekwa mswaki wa mti, mkavu, haujaguswa siku nyingi, na hapo nikaelewa kila kitu bila kuuliza: kimoja baruti, kimoja mkaa wa vifuu wa kusugulia meno, kama ulivyo katika nusu ya majiko ya Kitaya. Siku ya mvua, paa linavuja, mtu ameviteremsha vyote viwili, ameviokoa, ameviziba upesi, na vizibo vimebadilishana nyumba.

Nilifungua chenye kitambaa. Punje. Nikafungua chenye gunzi. Unga. Nikaanza kuumwaga kwenye majivu.

"Unatafuta chumvi, fundi?"

Somoe alikuwa mlangoni na sinia tupu.

Basi nikafungua mdomo, na uongo wangu wote, ule wa miaka yote, ukaja mbio kunisaidia.

"Panya, shemeji. Nimemwona panya mweupe ametoka humu kibuyuni, mkubwa, ana masharubu ya mzee, nikasema huyu asije akaharibu baruti ya..."

"Hamisi."

Alikuwa hajawahi kuniita kwa jina langu kabla ya siku ile. Aliweka sinia chini, akanishika mkono akaugeuza, akaviona vidole vyeusi. Kisha akakitwaa kibuyu, akatia vidole, akachota, akachuchumaa kwenye mafiga, akanyunyizia juu ya moto kama alivyoniona mimi nikifanya barazani kwa Nazarali. Alingoja mwako. Unga ukawa mwekundu kidogo, ukalala. Akanyunyizia tena. Akachota kwenye kibuyu cha pili, na hicho kikamrukia, fyuu, kikamchoma nywele za mkononi. Hakuuvuta mkono.

"Ulikuta nini ndani ya gobore?" akauliza, bado amechuchumaa.

Nikaanza kufuta vidole kwenye shati.

"Uliniapia."

"Nilikuapia," nikasema.

Akasimama. Nilidhani atakaa hapo jikoni alie, na mimi nitapata nafasi ya kusema maneno. Alitoka nje na vibuyu viwili mkononi, akaenda moja kwa moja mpaka uani, mbele ya wanaume, mjane ambaye eda yake haijaisha, na watu wakaacha kula.

"Nisikilizeni," akasema. "Si bati. Fundi hakukosa. Mimi ndiye niliyetia mkaa badala ya baruti. Salumu nimemuua mimi."

Watu walimtazama yeye, kisha wakanitazama mimi nikitokea nyuma yake na vidole vyeusi, na niliona jinsi nyuso zao zilivyopata jibu. Hawakuhitaji hata kuulizana.

"Shemeji, keti," Hassani akasema kwa upole. "Huyu amekula wali wetu, sasa anakula akili yako."

"Hajaniambia neno. Nimeona mwenyewe. Huu hapa mkaa."

"Mkaa umewekwa na nani? Nani alikuwa jikoni sasa hivi? Mtu huyu huyu alikuja hapa mwaka juzi akatuambia kiboko amemeza nyundo yake. Wazee, si alisema?"

"Alisema," mzee mmoja akaitikia. "Ngo, ngo."

Kuna waliocheka, kwenye arobaini. Ndipo nikasonga mbele, na kwa mara ya kwanza tangu nijue kusema nilisimama mbele ya watu na ukweli mtupu. Nikaueleza wote: unga laini, kaa la moto, tone la bati, baruti ya Nazarali. Nilieleza vizuri. Labda ndiyo sababu hawakuamini.

"Kwanza ulisema bati," yule mzee akasema nilipomaliza. "Leo unasema mkaa. Tukikupa chai kesho utasema nini, mwanangu? Kumsingizia mjane ili upate kazi yako tena, hilo hata kwako sikulitegemea."

"Mimi nilikuwapo," Hassani akasema, na sauti yake sasa haikuwa na upole. "Nilikuwa juu ya dungu la kuamia ndege, nimeona kwa macho. Fataki ililia. Kiboko alikuwa mbali bado, kama kutoka hapa mpaka kwenye ule mpapai. Kaka alikuwa na nafasi ya kukimbia, tena nyingi, na mti ulikuwapo. Hakukimbia. Alisimama na bunduki begani mpaka mnyama akamfikia. Mtu aliyeshindiliwa mkaa atasimama hivyo? Kaka hakuwa mjinga. Alikuwa amefungwa miguu na mtu, kwa dawa."

Wakaanza kuzungumza juu ya nani angeweza kumfunga miguu, na mambo yakahamia huko. Wanawake wawili walimshika Somoe mabega wakamrudisha ndani wakimwambia maskini, huzuni, huzuni. Vibuyu alinyang'anywa. Nilimpa Hassani lile kopo la baruti mpya, nikamwambia kama hataki kitu kingine kutoka kwangu, hiki akitumie. Alilifungua, akasugua punje kati ya vidole, akanusa. Akalichukua. Hilo moja lilifanikiwa.

Nilipotoka kuishika njia ya Nanyamba, adhuhuri imeshapita. Nilikuwa nimefika penye muhogo wa mwisho niliposikia hatua. Alikuwa yeye, ameponyoka kwa mlango wa nyuma, hana viatu, unga wa mkaa bado uko kwenye pindo la kanga.

"Nataka kitu kimoja," Somoe akasema. "Usinipambie. Kwa nini hakukimbia?"

Nilijua. Nilijua tangu Hassani aliposema, na ndiyo sababu nilikuwa nakwenda upesi. Kila aliyefundishwa kulipiga gobore anajua. Fataki ikilia na bunduki ikanyamaza, usiishushe, usiitikise, usigeuke. Kuna siku moto unatambaa ndani polepole kama utambi wenye umande, na bunduki inalia umechelewa. Wengi wamekufa kwa kuishusha. Unabaki umelenga palepale na unahesabu mpaka kumi. Mimi mwenyewe nilimfundisha hivyo Salumu, barazani kwa Nazarali. Lakini huhesabu kama una shaka na kilichomo ndani. Ukiwa na shaka unatupa chuma chini unapanda mti.

Nilikuwa na uongo tayari. Nilikuwa nao hata wa namna tatu: kwamba miguu yake ilizama topeni, kwamba mwindaji mzee hupatwa na ganzi, kwamba siku zake zilikuwa zimeandikwa. Wowote kati ya huo ungemfaa mtu. Lakini alikuwa amenitazama usoni, na alikuwa ametoka kusema ukweli mbele ya uwanja mzima bila kupata mtu mmoja wa kumwamini.

Nikamweleza kuhusu kumi.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo alikuwa anahesabu," akasema.

"Alikuwa anahesabu."

"Anaingoja baruti yangu."

"Ndiyo, shemeji."

"Alifika ngapi?"

"Sijui. Hilo sijui."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu akaona ndivyo ilivyo. Midomo yake ilisogea, na mara ya kwanza nilidhani anaomba dua. Alikuwa anahesabu, moja, mbili, tatu, polepole, akitazama upande wa mto ambako mpunga wao ulikuwa bado umesimama haujavunwa. Nilisimama naye. Alipofika kumi alikoma, na sote wawili tulibaki tukiutazama mto, mpaka mtoto mmoja akatumwa kumwita, akaja akimwambia wanawake wanauliza masufuria ya watu yarudishwe kwa nani.